Habari za Sinia la Ndege

Nyumbani mwetu limo sinia moja la kale, nasi twaliita "sinia la ndege." Mgeni akilitazama hakosi kuuliza, "Ndege mwenyewe yuko wapi?" Kwani katikati ya sinia hapana ndege. Pana doa la kijivu, upana wake kama kiganja cha mtoto, na kando ya doa umebaki mkia mwembamba wa rangi ya samawati. Mimi ndimi niliyemfuta yule ndege, mwaka 1965, nilipokuwa na umri wa miaka 11. Aliyejua ni bibi yangu peke yake, naye alifariki mwaka 1979, na muda ule wote hakulitaja jambo lile mbele yangu hata mara moja. Nami nikanyamaza miaka 59, hata mwaka 2024 ikanilazimu kulisema mbele ya jamaa zangu. Basi, kwa kuwa nimekwisha kulisema kwao, naona si vibaya kulieleza hapa pia. Huenda katika nyumba zenu kimo kitu cha namna hii, na mtoto mwenye bidii kama niliyokuwa nayo mimi.

Kwanza niwaeleze sinia lenyewe. Ni la chuma chembamba kilichotiwa bati, urefu wake kadiri ya dhiraa moja na nusu, na ukingo wake umekatwa mawimbi mawimbi kama ukingo wa kombe la pwani. Rangi yake ni nyeusi, lakini si weusi wa masizi. Ni weusi wenye kina, hata ukiliinamisha kwenye mwanga waona ndani yake wekundu kidogo kama wa kahawa. Juu ya weusi huo yamechorwa mawaridi na majani, na katikati chemchemi iliyojengwa kwa mawe, maji yake yakiruka juu. Mistari ya dhahabu yazunguka ukingo wote. Ndege alikuwa amesimama juu ya mawe ya chemchemi, kana kwamba amekuja kunywa.

Lilivyofika kwetu ni hivi. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya mwuguzi mmoja Mwingereza, chini ya milima ya Usambara, upande wa Muheza. Mwuguzi yule alikuwa mtu wa Staffordshire, naye alipofunga safari ya kurudi kwao mwaka 1947 hakutaka kulipakia sinia lake melini mara ya pili, akampa bibi. Akamwambia ya kuwa lilikuwa mali ya nyanya yake, na tena akampa maagizo mawili tu: lisitiwe majini, wala lisiwekwe juani. Bibi hakuuliza sababu, akayashika maagizo yale kama alivyoyapokea. Kila Jumamosi jioni alilitoa sandukuni, akalipangusa kwa kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa mpaka kikawa laini kama sufi, akaenda polepole kutoka katikati mpaka ukingoni, kisha akalifunga tena. Lilitumika siku za sikukuu, na siku za posa, na mgeni mkubwa akija. Sisi watoto tuliruhusiwa kutazama, si kugusa.

Hata siku moja kabla ya Krismasi ya mwaka 1965, bibi alikwenda sokoni, akaliacha sinia juu ya meza kwa ajili ya wageni wa kesho yake. Nikalitazama nikaona limefifia. Mawaridi ambayo bibi alisema ni meupe yalikuwa ya manjano, na ndege alionekana kama aliyefunikwa na moshi. Nikadhani ni uchafu wa miaka mingi, nikasema moyoni, "Nitamfurahisha bibi." Nikachota majivu jikoni, nikatia maji, nikachukua makumbi ya nazi, nikaanza katikati, palipo na ndege, kwa kuwa ndipo nilipopapenda zaidi.

Maji yakatoka ya rangi ya kahawia. Nilifurahi! Naikumbuka furaha ile mpaka leo, nayo ndiyo inayoniuma kuliko yote. Kila maji yalipozidi kuwa mekundu nilizidi kusugua, nikisema ya kuwa takataka yaondoka. Nilipomwaga maji safi juu yake ili nione kazi yangu, ndege hakuwa na kichwa. Nikasugua upande wa pili ili nilinganishe, mabawa nayo yakaondoka, na chuma kikatokea.

Bibi aliporudi alinikuta nimeketi chini na sinia limejaa maji. Hakupiga kelele wala hakunipiga. Alivua kanga yake begani, akasema, "Kwanza tulikaushe." Akalikausha mbele na nyuma, na pindo la ukingo, mahali ambapo maji hujificha, akaliweka mahali penye upepo pasipo jua. Kisha akaniambia nikaoge, maana kesho tuna wageni. Asubuhi yake akaandaa chai juu ya sinia lile lile. Mgeni mmoja aliyelijua akauliza habari za ndege, naye akajibu, "Ameruka." Watu wakacheka. Mimi nikatoka nje.

Miaka mingi ikapita kabla sijafahamu kilichotokea chini ya mikono yangu. Nyote mwajua jinsi wazee walivyopika sabuni: huchuja maji ya majivu, wakayapika pamoja na mafuta. Majivu yana ukali wa namna ya magadi, na ukali ule ukikutana na mafuta huyageuza kuwa sabuni. Basi rangi ya sinia la namna hii imetengenezwa kwa mafuta, mafuta ya mbegu za kitani yaliyokaushwa. Nilipomwagia maji ya majivu na kusugua, nilikuwa kama mpika sabuni. Na yale maji ya kahawia hayakuwa uchafu hata kidogo. Yalikuwa vanishi ya kale iliyowekwa na fundi juu ya picha ili kuilinda, na baada ya vanishi, picha yenyewe.

Hapa yanipasa kueleza asili ya kazi hii, maana bila kuijua ni vigumu kuona kwa nini sinia la namna hii halifanani na masinia tununuayo madukani. Zamani Wazungu walivipenda mno vyombo vyeusi ving'aavyo vilivyotoka Japani na Uchina. Vyombo vile hupakwa utomvu wa mti fulani wa huko, utomvu ambao, ajabu yake, hukauka vizuri katika hewa yenye unyevu. Mti ule haukuwako Ulaya, wala utomvu wake haukuweza kuvumilia safari ndefu ya baharini pasipo kuharibika. Kwa hiyo Wazungu wakatafuta njia yao: wakachanganya mafuta ya kitani na lami na udongo wa kahawia, wakapaka juu ya chuma, wakakitia katika tanuri, wakapaka tena, wakatia tanuri tena, mara nyingi. Katika karne ya 18 kazi hii ilipata sifa katika mji wa Pontypool, nchi ya Wales, mikononi mwa ukoo wa Allgood, kwa kuwa pale palikuwa na viwanda vya chuma chembamba kilichotiwa bati. Baadaye ikaenea sana katika Birmingham na Wolverhampton na Bilston.

Nao waliong'arisha masinia yale walikuwa wanawake hasa. Baada ya vyombo vyote vya kusugulia, mng'ao wa mwisho ulipatikana kwa kiganja kitupu cha mwanamke, chenye unga laini wa jiwe na mafuta kidogo, akisugua mpaka weusi ukatoa kina. Niliposikia habari hiyo nilikumbuka mkono wa bibi na kile kipande chake cha kanga.

Wasomaji walio waalimu watapenda kusikia na hili. Katika Birmingham alikuwako mtu jina lake John Baskerville, ambaye alipata utajiri kwa kazi hii hii ya kupaka na kuchora vyombo. Fedha aliyoipata akaitumia kutengeneza herufi za kupigia chapa, herufi nzuri sana ambazo jina lake lingali juu yake hata leo katika mashine zetu za kuandikia, na mwaka 1763 akapiga chapa Biblia huko Cambridge, nayo yahesabiwa miongoni mwa Biblia nzuri kuliko zote zilizopigwa chapa Uingereza. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kanisani, na aliagiza azikwe katika shamba lake, si katika makaburi ya kanisa. Lakini Biblia ile ilitokana na faida ya masinia.

Na kama mna baiskeli ya zamani, nyeusi yenye mistari ya dhahabu, itazameni vizuri. Mwaka 1840 watu wa Birmingham walipata hati ya kulinda ufundi mpya wa kupaka fedha juu ya madini kwa nguvu ya umeme, na masinia ya kung'aa kama fedha yakaanza kuwapendeza watu kuliko yale meusi. Baadhi ya mafundi wa Wolverhampton wakatafuta kazi nyingine. Mmoja wao, John Marston, aliyejifunza kazi ya kupaka vyombo, alianza mwaka 1887 kutengeneza baiskeli zilizoitwa Sunbeam, zikasifiwa kwa weusi wao na mistari yao ya dhahabu. Basi rangi ile ya baiskeli na rangi ya sinia la bibi ni ndugu.

Sasa nirudi kwenye makosa yangu, kwani la kwanza halikuwa la mwisho. Bibi alipofariki, sinia likaja kwangu. Mwaka 1981, nikiwa mwalimu mwenye mshahara, nililiona limeanza kupata kutu mahali pale pa ndege. Nikajisemea, "Mtoto aliharibu, mtu mzima atatengeneza." Nikanunua vanishi ya mbao, ile ya kupakia meza, nikalipaka lote kwa brashi. Wiki ile liling'aa hata nikaona kiburi. Baada ya miaka michache vanishi yangu ikageuka rangi ya asali, kisha ya chai. Dhahabu ya ukingo ikawa kama shaba iliyochakaa, na katika pembe mbili ikawa na nyufa kama matope yaliyokauka. Na kutu je? Kutu iliendelea kama kawaida yake, kwa sababu sikuiondoa unyevu wake kabla ya kuifunika. Niliifungia nyumbani mwake.

Mwaka 2014 mwanangu aliye Birmingham alinialika kwake, nikakaa miezi mitatu. Nilikuwa nimechukua picha za sinia katika simu. Siku moja akanipeleka Wolverhampton, katika nyumba ya makumbusho iitwayo Bantock House, nikaona vyombo vya aina ile vimepangwa. Nilisimama pale mpaka mwanangu akaona haya. Nilijua sasa kwamba ndege na chemchemi havikuwa ajabu ya sinia letu peke yake. Mafundi wengi walivichora, kama vile kwetu watu wengi huchonga mlango kwa maua yale yale. Walakini kila kimoja kilichorwa kwa mkono, wala sikuona viwili vilivyofanana kabisa. Ndege niliyemfuta hakuwako pale.

Baadaye nilipata kuonana na bibi mmoja ambaye kazi yake ni kutunza vitu vya kale vilivyopakwa rangi. Nikamwonyesha picha, nikamwuliza kama aweza kunifundisha kuondoa ile vanishi yangu. Alizitazama sana, akanijibu ya kuwa dawa iwezayo kuyeyusha vanishi yangu huenda ikayeyusha na ya zamani iliyo chini yake, kwa kuwa asili zao zakaribiana; na asiye fundi hawezi kujua mahali pa kusimama. Akanishauri niiache. "Wakati wote ujao," akasema, "fanya tu lile ambalo mtu mwingine aweza kulifuta." Neno hili nimelichukua kuwa sheria ya nyumba yangu kuhusu sinia.

Alinifundisha na mambo mengine, nami nayaeleza kama nilivyoyapokea na kuyajaribu. Vumbi huondolewa kwa brashi laini, si kwa kitambaa, maana kitambaa hunasa vipande vya rangi vilivyoinuka na kuving'oa. Ikiwa pana uchafu unaoshika, mahali ambapo rangi ni imara, chukua pamba kidogo juu ya kijiti, uiloweshe kidogo tu kwa mate, ndiyo, mate ya kinywani. Uzungushe, usisugue, kisha ukaushe mara moja. Nilicheka nilipoambiwa, lakini aliniambia kuwa mafundi wa nyumba za makumbusho hufanya hivyo kweli, kwa kuwa mate yana nguvu ya kulegeza uchafu bila ukali. Pamba ikitoka na rangi, acha papo hapo. Usitie limau wala siki, maana huamsha kutu. Wala sabuni ya unga, kwa sababu ile ile ya majivu. Wala spiriti, ambayo hula vanishi. Wala nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Na tafadhali, akina mama wenzangu, msipake mafuta ya nazi ili king'ae. Mafuta hayo hayakauki, hukusanya vumbi, na mwisho wake ni kunata na kunuka.

Juu ya kutu, jambo kubwa ni hewa. Kutu huanza kwenye mkwaruzo, ikatambaa chini ya rangi na kuiinua kama mzizi uinuavyo sakafu. Kwetu Muheza, mawingu yakishuka kutoka Amani, hata chumvi mezani hulowa. Kwa hiyo sinia halikai tena katika sanduku la chini, palipo na unyevu wa sakafu, wala ukutani penye jua la alasiri. Limelazwa kabatini juu ya kitambaa cheupe cha pamba, ndani yake vifuko vya vijiwe vinywavyo unyevu, navikausha mara kwa mara. Halifungwi katika mfuko wa nailoni, maana humo jasho la hewa halina njia. Mahali penye rangi imara naweka nta nyembamba sana mara moja kwa mwaka. Palipoinuka siweki kitu. Kazi ya kugandisha rangi iliyoinuka ni ya fundi, nami si fundi, kama mlivyoona.

Msije mkachanganya sinia la namna hii na masinia ya enameli yenye maua, ambayo wengi wetu tunayo. Enameli ni kama kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa moto mkali. Maji na sabuni havikidhuru. Kama wataka kutofautisha, tazama mahali palipobanduka: enameli huvunjika kama kigae, na ukingo wake ni mkali, rangi ya mafuta hubanduka kama ganda jembamba. Lakini yale masanduku ya bati yaliyopakwa maua, ambayo mama zetu walikwenda nayo arusini, hayo ni rangi ya mafuta, nayo yahitaji huruma ile ile.

Basi nifike mwaka 2024. Binamu yangu, mwana wa mjomba, alikuwa akimwoza mjukuu wake, naye akataka sinia la ndege liwekwe mezani siku ya kumwaga bibi arusi. Nikakubali. Ndipo akaongeza: "Dada, nimekwisha kusema na fundi wa kuandika vibao. Atamrudisha ndege, na kulipaka lote upya. Gharama ni yangu. Sinia la ndege lisilo na ndege ni aibu yetu."

Sikuweza kumjibu upesi, kwa sababu maneno yake hayakuwa ya kijinga. Yeye alikuwa akiheshimu kitu kile kile ninachokiheshimu. Tena, mimi mwenyewe nililipaka vanishi mwaka 1981 kwa nia hiyo hiyo. Tukakutana barazani, yeye, na mama mdogo aliyekuwa na umri wa miaka 84, na wengine wa nyumbani. Nikauliza swali moja tu: "Fundi atamchora ndege wa namna gani?" Binamu akasema, "Mwekundu, namkumbuka vizuri." Mama mdogo akasema, "Mwekundu wapi? Walikuwa ndege wawili, weupe." Mwingine akasema hakuwa ndege, alikuwa jogoo. Wote wakacheka, kisha wakaanza kubishana kwa dhati.

Mimi nikasema alikuwa wa kijani, kifua chake cha manjano, na mkia wa samawati ndio huo uliobaki. Binamu akasema, "Wewe wajuaje kutushinda sisi?" Nikaona ya kuwa nikisema nakumbuka tu, nitakuwa nimewashinda kwa hila. Nikawaambia, "Nalijua kwa sababu ndimi wa mwisho kumwona. Nilimfuta mimi, kwa majivu." Nikawaeleza yote niliyowaeleza ninyi.

Palikuwa kimya. Kisha mama mdogo akasema, "Kumbe ni wewe." Akaniambia ya kuwa siku ile ile ya Krismasi yeye alimwuliza mama yake kwa siri ni nani aliyeharibu sinia, kwa maana alimdhania binamu yangu, ambaye alikuwa mtoto mtundu wa miaka sita, naye alikuwa tayari kumchapa. Bibi akamzuia. "Usimguse mtu," akamwambia. "Kosa ni langu, nililiacha nje ya sanduku nikaenda sokoni." Wala hakusema zaidi. Miaka yote hiyo mimi nilidhani alikuwa amenyamaza tu. Sikujua kwamba alikuwa amelichukua jina langu na kuliweka lake.

Binamu yangu aliinuka akatembea kidogo uani, akarudi. Alisema, "Basi fundi asije." Lakini nisiwadanganye, hakuridhika kabisa. Aliniambia, nami naona ana haki ya kusema hivyo, ya kuwa mimi natunza doa lile zaidi kwa ajili ya moyo wangu kuliko kwa ajili ya sinia, na watoto hawataona katika doa kile ninachokiona. Nilimjibu ya kuwa labda ni kweli. Lakini rangi iliyobaki, yale mawaridi, ule mkia, ile mistari ya dhahabu, ni mkono wa yule fundi wa kwanza, na mng'ao wake ni wa kiganja cha mwanamke nisiyemjua na cha bibi ninayemjua. Fundi wa vibao akipita juu yake na rangi yake mpya, hatutaweza kuwapata tena. Ndege nilimwondoa mimi. Hao waliobaki sina ruhusa ya kuwaondoa.

Mwisho wake binamu alifanya jambo ambalo sikulitazamia. Alinunua sinia jipya la bati mjini Tanga, akampelekea yule fundi wa vibao, akamwagiza achore chemchemi na ndege mwekundu, mkubwa, mwenye macho. Siku ya kumwaga bibi arusi masinia yote mawili yaliwekwa mezani. Jipya lilibeba vikombe na birika la moto. La kale lilibeba kanga mbili tu zilizokunjwa, juu ya kitambaa. Mama mdogo aliangalia ndege yule mwekundu muda mrefu, akasema kwamba walikuwa weupe, na wawili.

Jioni binamu mwenyewe ndiye aliyelirudisha la kale kabatini, akilishika kwa ukingo na kitambaa mikononi, maana jasho la vidole nalo huamsha kutu. Kipande cha kanga cha bibi kimekwisha kuchakaa, siwezi tena kupangusa nacho. Nimekiweka chini ya sinia. Wiki iliyofuata nikaona kwenye pembe ya kushoto rangi imeinuka kidogo, upana kama punje ya mpunga. Sijaigusa. Nimeipiga picha, nikaandika tarehe, nami nitaitazama tena mvua za masika zikipita.